Trekta la reli: Class 37 ya Accurascale yenye sauti

Anayenunua modeli ya kichwa cha treni cha dizeli chenye sauti halipii rangi wala vishikio vya chuma. Hivyo vipo hata kwenye toleo bubu. Analipia mngurumo. Na Class 37 ni kipimo kikali cha mngurumo, kwa sababu ile halisi ina milio miwili inayovutana: besi nzito ya injini inayozunguka polepole, na juu yake mluzi mwembamba wa turbo. Spika ndogo hupenda mluzi na huchukia besi. Class 37 ya kampuni ya modeli ya Accurascale, ya kipimo cha OO, inaweza kukupa vyote viwili, ila si siku ya kwanza na si juu ya meza yoyote. Bila saa moja ya kurekebisha namba za mipangilio na bila ubao uliotulia, utakuwa umenunua redio ghali yenye magurudumu.

Kwa wasioijua: Class 37 zilijengwa 309 kati ya 1960 na 1965 kwa ajili ya reli za Uingereza, nyingi katika Vulcan Foundry kule Newton-le-Willows na nyingine kwa Robert Stephenson and Hawthorns, Darlington. Ndani mna injini ya English Electric 12CSVT: silinda 12 za umbo la V, mipigo minne, turbo, nguvu farasi 1,750 kwa mizunguko 850 tu kwa dakika. Lori linalopanda Mai Mahiu huzunguka karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana Waingereza waliibandika jina la trekta.

Mkenya ana sababu yake ya kuijali. East African Railways ilianza kuletewa dizeli za English Electric kutoka Vulcan Foundry hiyohiyo mwaka 1960, lile daraja la 90 ambalo baadaye liliitwa 87, na injini zake ni za ukoo mmoja na hii. Masikio ya Nairobi ya leo yamezoea zaidi daraja la 93, yaani U26C za General Electric zilizokuja mwishoni mwa miaka ya 1970, zenye mlio wa kukohoa. Class 37 haikohoi. Inavuma.

Sasa modeli yenyewe. Kipimo ni 1:76.2, kwa hiyo mita 18.75 za ile halisi zinakuwa milimita 246, na magurudumu ya milimita 1,143 yanakuwa milimita 15 kamili. Fremu ni ya chuma cha kumimina, mota ina poli tano na flaiwili mbili, yaani vyuma vizito vya duara vinavyoendelea kuzunguka umeme ukikatika kidogo. Ekseli zote sita zinasukuma na magurudumu yote 12 yanachukua umeme. Toleo la sauti lina dikoda, yaani kadi ndogo ya elektroniki inayopokea amri na kutoa sauti, aina ya ESU LokSound 5 ya pini 21, spika mbili, moja kubwa ya besi na nyingine ndogo, pamoja na kapasita ya kubeba umeme wa muda mfupi. Kazi ya vipande vidogo, nyavu za feni, vishikio na vifuta-vioo, ni safi. Mtu anayeijua pua ya Class 37 hatanung'unika. Tusikae hapo sana; picha zipo tele na macho unayo.

Nafasi inayohitaji ni jambo la kupima kabla ya kulipa. Kona ya chini kabisa ni ya nusukipenyo cha milimita 438, ile inayoitwa kona ya pili katika reli za vipande. Reli za baadhi ya seti za watoto ni kona ya kwanza, milimita 371, na hapo bogi, yaani fremu za magurudumu zinazogeuka chini ya mwili, zikiwa za ekseli tatu hukwama, ngazi zikagusa magurudumu, kichwa kikaruka nje. Duara la milimita 438 lina upana wa milimita 876 kutoka katikati ya reli hadi katikati ya reli. Ongeza mwili wa treni unaochungulia nje kwenye kona na nafasi ya usalama pembeni, unafika mita moja. Shiti nzima ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatosha vizuri. Meza ya kahawa haitoshi, hata ukiibembeleza.

Kuhusu upana wa reli kuna kichekesho. OO hutumia reli ya milimita 16.5, lakini kwa kipimo cha 1:76.2 reli ya milimita 1,435 ingepaswa kuwa 18.83. Zidisha 16.5 kwa 76.2 upate milimita 1,257, upana usio wa reli yoyote ya Kenya, ukiwa kati ya ile reli ya mita moja ya mkoloni na SGR. Mwenye kutaka kutengeneza Makadara au Limuru ya zamani kwa usahihi angehitaji reli ya takriban milimita 13 na kubadilisha ekseli zote. Kwa modeli hii usijaribu. Iache iwe Mwingereza.

Turudi kwenye sauti. Injini ya mipigo minne yenye silinda 12 huwaka mara sita kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 850 hiyo ni milipuko 85 kwa sekunde, na injini ikiwa imesimama inanguruma tu, hushuka hadi karibu nusu ya hapo. Hakuna spika ya ukubwa wa kidole gumba inayoweza kutoa hertzi 45. Kinachotokea ni kwamba spika hutoa milio ya juu iliyo mara mbili, mara tatu na mara nne ya hiyo, na sikio lenyewe hujazia ile ya chini iliyokosekana. Hila hii inafanya kazi endapo tu milio ya kati imetoka safi. Ukiikoroga kwa kufungulia sauti kupita kiasi, sikio linakosa cha kujazia, na injini ya tani 100 inageuka kuwa mashine ya kunyolea.

Kwa hiyo kosa la kwanza la Nairobi, mji wa matatu za Rongai, ni kudhani kwamba kubwa ndiyo nzuri. Spika ya besi kwenye modeli hutegemea kasha lililoziba: hewa ya nyuma ya spika isikutane na ya mbele, kwa sababu zinafutana. Ukiongeza sauti mno, utando wa spika hufika mwisho wa mwendo wake, kasha linatetemeka, na vipande vilivyobandikwa juu ya paa vinaanza kuimba. Ukisikia mkwaruzo unaokuja na honi tu, usikimbilie kufungua mwili. Punguza kwanza.

Mipangilio ya dikoda hukaa kwenye namba zinazoitwa CV. Ya sauti ya jumla kwenye LokSound 5 ni CV63, inayoanzia 0 hadi 192. Viwanda huipandisha juu kwa sababu maonyesho ya reli hufanyika kwenye kumbi. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, anza na 90, sikiliza ukiwa umesimama umbali wa mita moja na nusu, kisha panda kumi kumi. Watu wengi huishia kati ya 80 na 110.

Halafu inakuja hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha modeli iliyopikwa na iliyo mbichi: kupanga kila sauti peke yake. Andika 16 kwenye CV31, kisha 1 kwenye CV32. Sasa CV259 inakuwa sauti ya nafasi ya kwanza, CV267 ya nafasi ya pili, CV275 ya tatu, unaruka nane nane. Nafasi ya kwanza kwa kawaida ndiyo injini. Thamani ya 128 ni asilimia 100. Iache injini ilivyo, halafu shusha wengine: honi, mlio wa breki, kompresa, mlango, filimbi ya mlinzi. Breki hasa. Kwenye reli halisi ukiwa mbali kiasi cha kuona treni nzima, husikii breki zikilia kuliko injini. Breki na honi zikishushwa hadi kati ya 50 na 70, utashangaa besi imetoka wapi. Ilikuwepo, ilikuwa imefunikwa. Andika thamani za mwanzo kwenye daftari kabla ya kugusa chochote.

Ubao nao ni ala ya muziki, upende usipende. Plaiwudi ya milimita 9 iliyolazwa juu ya fremu yenye mbao mbali mbali hutetemeka kama ngoma, na kelele za magurudumu zinakuwa kubwa kuliko injini. Weka mbao za kushikilia kila milimita 400. Chini ya reli tandika shiti ya koki ya milimita 3, au kata mkeka wa mazoezi wa EVA, ambao hupatikana kwa urahisi zaidi mjini. Misumari ya kushikilia reli ing'oe baada ya gundi kukauka, kwa sababu kila msumari ni daraja la kelele kutoka kwenye reli hadi kwenye ubao. Kokoto zinazomwagiliwa gundi nyeupe ya seremala hukauka zikawa mwamba na kuharibu kazi yote ya mkeka. Gundi inayobaki laini ikikauka ndiyo inayofaa. Hakuna CV inayorekebisha ubao mbaya.

Umeme wa kuendeshea. Toleo hili limekusudiwa mfumo wa kidijitali wa DCC, ambao hupeleka nguvu na amri juu ya reli zilezile. Kontrola itakayolifaa ni inayofikia vitufe vya F28, maana miradi ya sauti ya dizeli, yaani milio na vitufe vilivyopakiwa kwenye dikoda, hutawanya milio mbali. Kontrola za bei nafuu huishia F8 au F9, na hapo nusu ya ulicholipia hakifikiki. Kontrola zinazotoka Uingereza zina plagi ya pini tatu kama yetu na volti zinalingana, hivyo huchomeka moja kwa moja. Za Marekani angalia maandishi kwenye adapta: ikiandikwa 120V peke yake, usiiguse soketi ya Nairobi, ikiandikwa 100–240V, unahitaji kibadilisha plagi tu. Volti ya reli iwe kati ya 14 na 16.

Stima ikipotea, treni itasimama. Kapasita ni ya kuvuka uchafu wa sentimita chache, si ya kufika steshoni. Kinachoua vifaa ni stima inaporudi kwa kishindo. Gadi ya TV, ile inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, inagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya dikoda. Hata hivyo zoea kuchomoa kontrola taa zikizimika.

Nyaya zisitegemee viungio vya reli. Viungio hushika kutu, na treni yenye sauti hukusema hadharani, kwa sababu mota ikikosa umeme nusu sekunde hujui, lakini injini ikizimika katikati ya mngurumo na kuanza upya kila mtu anajua. Vuta waya mkuu wa milimita 2.5 za mraba chini ya ubao, uleule wa soketi za nyumbani, halafu teremsha vipande vya 0.5 kwenda kwenye reli kila mita moja na nusu, ukivilehemu upande wa nje wa reli ili ukingo wa gurudumu usivikute. Baada ya kumaliza, fanya jaribio la sarafu: lalia shilingi 20 juu ya reli zote mbili sehemu mbalimbali za duara. Kila mahali kontrola lazima ijizime mara moja. Mahali isipojizima, waya ni mwembamba au kiungio kimelegea, na siku treni itakapoanguka hapo, umeme wote utapita kwenye bogi zake hadi plastiki ilainike.

Modeli ikifika, mpangilio wa kazi unaotuliza roho ni huu. Itoe kwa kushika chini kwenye fremu, mkono mmoja kila upande wa tangi la mafuta. Usiishike pua wala vishikio. Iweke juu ya sponji, si juu ya meza tupu. Pima umbali wa ndani kati ya magurudumu ya kila ekseli: milimita 14.4 hadi 14.5. Ekseli moja iliyobanwa wakati wa safari inatosha kuangusha treni kwenye kila pointi, yaani mahali reli inapogawanyika. Anwani ya kiwandani ni 3, basi iweke relini na uiite kwa 3. Usikimbilie honi. Iendeshe nusu mwendo, dakika 30 mbele na 30 nyuma, bila mabehewa, ili gia na brashi za mota zikae. Ndipo uipe anwani yake. Namba za Class 37 za baadaye zina tarakimu tano, 37 kisha tatu, na hizo huzidi uwezo wa DCC. Tumia nne za mwisho, kwa mfano 37402 iwe 7402. Kontrola itaandika CV17, CV18 na CV29 yenyewe.

Ondoa treni nyingine zote relini kabla ya kuandika anwani. Kwenye kontrola nyingi ndogo amri ya kuandika huenda kwa kila dikoda iliyopo, na utaamka kesho ukiwa na treni nne zinazoitika jina moja.

Ikiwa mwendo wa chini unadunda, LokSound ina njia ya kujipima mota. Iweke kwenye reli iliyonyooka na tambarare, angalau mita mbili mbele yake, andika 0 kwenye CV54, kisha bonyeza F1. Itachomoka kwa kasi yake yote kwa takriban sekunde moja na nusu, isimame, na kujiandikia namba za udhibiti. Wasiojua hufanya hivi ukingoni mwa meza. Namba za awali za CV51 hadi CV55 ziandike pembeni, kwa sababu wakati mwingine za kiwandani ni bora kuliko zilizojipima. Ukivuruga kila kitu, andika 8 kwenye CV8. Mipangilio hurudi ya mwanzo na sauti hazifutiki.

Kasi ya juu ya Class 37 ni kilomita 145 kwa saa. Kwa kipimo hiki hiyo ni mita 2 kwa sekunde 3.8. Chora alama mbili, shika saa. Ikipita haraka zaidi, punguza CV5. Mwendo wa yadi wa kilomita 40 ni mita 2 kwa karibu sekunde 14, na hapa ndipo modeli hii inapopendeza kuliko popote: gia zake na ekseli sita huiwezesha kutambaa bila kusita, injini ikinguruma chini kwa chini.

Uzito wa mwendo, yaani CV3 ya kuongeza na CV4 ya kupunguza, ndio unaofanya sauti iaminike. Treni ikifuata kitasa cha kontrola papo hapo, sauti ya injini inayopanda taratibu inaonekana kuachwa nyuma, kama filamu iliyotafsiriwa vibaya. CV3 ikiwa kubwa, injini hupaa kwanza, mluzi unafuata, ndipo magurudumu yanaanza kusogea, sawasawa na treni nzito inayoondoka. Gharama yake ni kwamba kusimama kunahitaji kupangwa mapema, au kutumia kitufe cha breki. Mradi wa sauti ukiwa na kitufe cha kushikilia mwendo, ambacho ESU hukiita Drive Hold, kisome kwenye karatasi ya vitufe na ukitumie: ukikibonyeza kasi inabaki palepale huku kitasa kikipandisha na kushusha injini. Unaweza kuifanya ingurume kwa nguvu zote ikipanda mlima wa kufikirika kwa mwendo wa ng'ombe. Wanaopenda kupangapanga mabehewa yadini watachoka na kuchelewa huku kwa injini. Ni haki yao. Wao waweke CV3 na CV4 chini, wakubali kwamba mdomo na miguu havitalingana.

Kuna hitilafu moja inayotisha wengi bila sababu: kontrola inakataa kusoma CV. Dikoda ya sauti yenye kapasita huvuta umeme mwingi inapowashwa, na reli ya programu ya kontrola ndogo, ile ya kusomea na kuandikia CV, hutoa mdogo. Dikoda haijafa. Safisha magurudumu, jaribu tena, na ikikataa andika namba kwenye reli kuu kwa kutumia anwani ya treni. Hutaweza kusoma ulichoandika, lakini utasikia kama CV63 imebadilika.

Mfuko wa vipande vya ziada una mabomba ya breki ya kubandika mbele chini ya bafa. Vinapendeza pichani. Ukivibandika upande wenye kiungio cha mabehewa, kiungio hakitageuka kwenye kona na behewa la kwanza litavutwa nje ya reli. Chagua upande mmoja uwe wa kuvutia macho na mwingine wa kuvuta mzigo. Jembe la theluji nalo ni hivyohivyo. Nairobi halina hata kisingizio. Kubandika tumia tone dogo mno la gundi kwenye ncha ya sindano. Gundi ya papo hapo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye vioo vya karibu, kwa hiyo fungua dirisha na usifunike modeli hadi mvuke uishe.

Vumbi letu jekundu ni adui mkubwa kuliko mwendo. Huchanganyika na mafuta ya reli likawa utando mweusi unaozuia umeme. Safisha kwa spiriti ya aisopropili, ambayo wauzaji wa vifaa vya elektroniki huko Luthuli Avenue huwa nayo. Lowesha karatasi ya tishu, itandaze juu ya reli, weka bogi moja juu ya tishu na nyingine juu ya reli tupu, shika kichwa, fungua mwendo kidogo. Magurudumu ya upande wa tishu yatajisugua. Geuza. Rudia mpaka tishu ibaki nyeupe. Usitumie petroli wala thina, zitakula plastiki na rangi. Msasa pia hapana, kwa sababu mikwaruzo yake ndiyo nyumba ya uchafu wa wiki ijayo. Na vile vifaa vya kusafishia reli kwa umeme wa mawimbi ya juu, vya enzi za kontrola za kawaida, viondoe kabisa kwenye saketi: huua dikoda.

Kufunikia usiku tumia nailoni, si leso wala shuka. Nyuzi za pamba huanguka relini, zinajisokota kwenye ekseli hadi kwenye gia, na dalili ya kwanza ni mlio wa kunung'unika ambao mgeni hudhani ni sehemu ya sauti ya dizeli. Zima sauti kwa kitufe, sikiliza mota peke yake. Mafuta ni tone moja dogo la aina isiyodhuru plastiki kwenye gia, na hata hilo liwe pale tu panaposikika pakavu. Zaidi ya hapo hutiririka hadi kwenye magurudumu na kurudi kuwa ule utando mweusi.

Bei ya toleo la sauti hupita pauni 200 kabla ya usafiri. Mauzo ya nje ya Uingereza hayana haja ya kubeba VAT yao ya 20%, na maduka mengi ya mtandaoni huiondoa ukiandika anwani ya Kenya. Isipoondoka kwenye hesabu ya mwisho, waulize kabla ya kulipa. Hapa utalipa ushuru wa forodha juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya 16% juu ya jumla hiyo iliyokwisha kuongezwa ushuru, na tozo nyinginezo. Mojawapo ni ile ya maendeleo ya reli. Ndiyo, unalipia reli ya nchi kwa kuingiza treni ya milimita 246. Wasafirishaji wengine huongeza ada yao ya kushughulikia karatasi, na hiyo ndiyo ya kuuliza mapema, kwa sababu haibadiliki sana hata kifurushi kiwe kidogo: kuagiza vitu viwili kwa pamoja kuna nafuu kuliko kimoja kimoja. Piga video ukifungua boksi, na ujaribu treni siku hiyohiyo pande zote mbili, taa, na kila kitufe kilichoandikwa kwenye karatasi. Kurudisha mzigo Ulaya baada ya mwezi ni ghali kiasi kwamba dhamana inabaki maandishi tu.

Je, ununue bubu kisha utie sauti baadaye? Kwa modeli hii, hapana, isipokuwa una uhakika hutaihitaji. Utanunua dikoda, spika, na kapasita kimoja kimoja, kila kimoja na usafiri wake, halafu ufungue mwili wenye vishikio vyembamba kama unywele. Akiba hupotelea hapo.

Asiyefaa kuinunua ni mwenye kontrola ya kawaida ya DC. LokSound huendesha kwenye DC, ni kweli, lakini injini huanza kulia volti zikishapanda kiasi, treni inachelewa kuondoka kuliko uliyoizoea, honi huna namna ya kuibonyeza, na kontrola za zamani zinazotoa umeme wa kukatakata huichanganya dikoda. Huyo anunue toleo bubu la modeli hiyohiyo, atumie tofauti ya bei kununua mabehewa sita, na siku akipata DCC soketi ya pini 21 itakuwa bado inamsubiri chini ya paa. Mwingine ni anayetaka treni ya SGR. Mizigo yetu huvutwa na DF8B, na hata uipake Class 37 rangi gani, pua ile haitakubali kuwa ya Kichina.